Jumapili za Dwyfor

Rhyd-y-gwynt, 14 Januari 1996

Mdogo wangu Idwal,

Pokea salamu za baridi, maana joto la kukutumia huku hatuna. Sisi ni wazima. Mgongo wa Deiniol unamsumbua kila anapobeba pipa, lakini mume wangu huyo unamjua, halalamiki. Nalalamika mimi kwa niaba yake. Baba ametimiza miaka themanini na mbili na bado anamchosha mbwa wake kwa kutembea. Mbwa mwenyewe, Pero, amepotoka. Siku za wiki anaingia baa kwangu, anajilaza mbele ya moto kama aliyelipia, na Baba anabaki barabarani akimpigia mluzi, kwa sababu yeye mwenyewe haingii. Wateja wanacheka mpaka bia inamwagika. Graciela hajambo? Mwambie sweta aliyonifumia naivaa kanisani na watu wanaiulizia.

Sasa kaa chini. Nina habari, na nisipoiandika leo nitapasuka. Wilaya yetu inafutwa! Mwisho wa Machi, Dwyfor haipo tena. Wilaya zote za Wales zinavunjwa na sisi tunaingizwa katika halmashauri moja kubwa ya Gwynedd, basi, imekwisha. Kijiji kizima kinazungumza hilo tu. Mimi nimeshangaa jinsi lilivyonigusa, maana ile wilaya na ndoa yangu vilianza mwezi mmoja, Aprili 1974. Unakumbuka? Ulikuwa bado unavaa kaptula za shule. Pwllheli, Cricieth, Porthmadog, Llŷn na kipande cha Gwyrfai wakatiwa chungu kimoja, kila mmoja akaja na kijiko chake. Baba akiwa diwani mpya alikuwa anarudi vikaoni amekasirika kwa furaha: watu wa Porthmadog wanajiona, watu wa Cricieth wanajiona zaidi. Ila vikao viliendeshwa kwa Kiwelisi, na Baba hakuwahi kuielewa serikali vizuri namna ile, wala serikali haikuwahi kumwelewa yeye kwa undani namna ile, maskini.

Umeniandikia kwamba Graciela bado haelewi kwa nini baa yetu inafungwa Jumapili. Mweleze tena, polepole. Kila baada ya miaka saba wananchi wa kila wilaya hupiga kura: baa zifunguliwe Jumapili, au zisifunguliwe. Wilaya zikawa zinakubali moja baada ya nyingine, na ilipofika 1989 tukabaki sisi peke yetu Wales nzima tunaofunga. Baba alitembea na habari hiyo kama medali. Na mwaka huu ndio wa saba tena! Novemba tunapiga kura kwa mipaka yetu ile ile ya zamani, ingawa wilaya itakuwa imeshazikwa. Watu wanasema tutakuwa maiti wa kwanza kupiga kura.

Leo Baba amekuja kula kama kila Jumapili. Mwanakondoo wa kuoka, viazi, karoti, na pudini ya wali. Lile gamba la juu la pudini, lililoungua kidogo, ni lake. Deiniol aliwahi kuligusa mwaka wa sabini na nane na hajasahau. Tulipokuwa tunaanza, Mwingereza mmoja aliyevaa kaptula, Januari hii, akagonga mlango akitaka bia. Baba akainuka na kitambaa chake shingoni, akafungua, akamwambia hapa si baa, leo hapa ni nyumbani kwa mtu. Akamfungia mlango, akarudi kwenye karoti zake. Ndivyo anavyoamini, Idwal. Siku sita hapa ni baa, na siku ya harusi yangu aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga baa. Jumapili, kwa kuwa sheria imefunga, hapa ni nyumba tu yenye glasi nyingi kupita kiasi.

Andika upesi. Na safari hii niambie hayo matunda unayolima ni matunda gani. Baba anawatangazia watu kanisani kwamba mwanawe ni mkulima wa matunda kule Ajentina, na mtu akiuliza matunda gani, ananitazama mimi.

Dada yako,
Meinir

*

Mendoza, 27 Februari 1996

Dada Meinir,

Barua yako imenikuta shambani, mikono imenata hata kuifungua ilikuwa kazi. Sisi tu wazima wa afya. Graciela anakubusu mashavu yote mawili na anasema sweta nyingine iko njiani. Joto limezidi, mbu wamezidi, na tuko katikati ya mavuno, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Nimesoma habari zako kwa sauti mezani, nikitafsiri, na nakwambia tulisimama kupiga makofi. Dada, hongera! Miaka ishirini na miwili unatazama watu wakiipita baa yako kila Jumapili kwenda kunywa kwenye vilabu vya wanachama ambavyo kura haivigusi, au wakivuka mpaka kwenda wilaya jirani ya Meirionnydd kama wakimbizi wenye kiu. Sasa mambo yamekunyookea. Watalii wote wale wa kiangazi, mlango wazi, moto unawaka! Wilaya ikifa na sheria yake ife. Baba atanuna, najua, lakini Baba amenuna tangu tuzaliwe na hakuna aliyekufa.

Matunda ni matunda ya kawaida tu. Madogo madogo. Mengi. Yanakua kwenye jua.

Nyumbani siwezi kuja mwaka huu. Kazi haiachiki.

Mdogo wako,
Idwal

*

Rhyd-y-gwynt, 8 Aprili 1996

Idwal,

Salamu nyingi za Pasaka, hata kama nimekukasirikia. Tu wazima. Kondoo wa jirani wamezaa mapacha kila kona, na Pero amepigwa teke na mmoja wa akina mama, sasa anachechemea kwa kiburi.

Nikusimulie kwanza mazishi, halafu nikugombeze.

Siku ya mwisho ya Dwyfor ilikuwa Jumapili, tarehe thelathini na moja Machi, na hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili ya Matawi. Unajua huku siku hiyo tunavyofanya. Jumamosi yake nzima tulikuwa makaburini na ndoo na brashi, tukisugua jiwe la Mama, tukapanga maua ya njano mpaka herufi za jina lake hazionekani. Baba alinunua mafungu mawili. Nikamwuliza la pili ni la nani, akasema ngoja utaona. Jumapili, baada ya kula, akamwambia Deiniol ampeleke Pwllheli kwa gari. Mimi nikaingia nyuma bila kualikwa. Wakati wote njiani ameshika maua magotini, amevaa koti jeusi la msiba. Tukasimama mbele ya ofisi za wilaya. Hakuna mtu, shakwe tu juu ya paa. Baba akashuka, akayaweka yale maua kwenye kizingiti cha mlango, akavua kofia, akasimama hapo.

Nilidhani nitacheka. Nililia, Idwal. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na mtoto akasimama, naye bila kuuliza akainamisha kichwa. Halafu wakaja wengine wawili. Tulikuwa msiba kamili dakika hiyo. Baba akamaliza, akavaa kofia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ilikuwa wilaya nzuri, ilikuwa na kelele lakini ilikuwa na siku moja ya kupumzika. Kesho yake asubuhi posta yetu ikaja kutoka Gwynedd na maziwa yakamiminwa kwenye chai kama jana.

Sasa nikugombeze. Ulisimama kupiga makofi? Mdogo wangu, una kichwa kizuri lakini unakitumia kuvalia kofia. Baa ikifunguliwa Jumapili, itakuwa baa siku saba. Ikiwa baa siku saba, Baba haingii tena. Simpati tena mezani kwangu. Ndiyo hiyo tu, hakuna lingine. Mimi nina Jumapili moja moja na Baba, na ninazishika kwa meno. Unafikiri bia ya watalii itanijazia kile kiti?

Nyumba hii si yetu, ni ya kiwanda cha bia, na mkataba wetu unasema tufungue kila siku ambayo sheria inaruhusu. Nimemwuliza mtu wao anayepita kila mwezi. Ni mwungwana, amekula biskuti zangu zote, akaniambia kwa upole kwamba kama mimi sitaki kufungua Jumapili wapo wapangaji wengi wanaotaka.

Yanakua kwenye jua! Hata mimi ningekua kama ningepata jua. Matunda gani?

Meinir

*

Mendoza, 2 Agosti 1996

Dada yangu,

Najua nimechelewa. Posta ya huku ina ugonjwa wake, na mimi pia nilikaa na barua yako muda mrefu mfukoni kwa sababu ya aibu. Graciela alikuwa na homa ya mapafu, amepona, sasa anatoa amri kama kawaida. Theluji tunaiona mlimani tu, huku chini baridi kavu.

Sikufikiria. Kwa kweli, Dada, niliona baa tu, sikuona meza. Nilipoisomea Graciela ile barua alinitazama kwa macho yale, akaniambia maneno kwa Kihispania ambayo Baba asingependa yaandikwe.

Nimewaza hivi. Kwa nini chakula usikipeleke nyumbani kwa Baba? Upikie jikoni mwa Mama, mle huko, na baa ibaki na Deiniol. Au mwambie tu Baba ukweli, kwamba unamtaka mezani, basi.

Habari ya maua kwenye mlango wa ofisi nimewasimulia watu wote hapa. Mzee mmoja Mtaliano amesema angependa kumwona baba huyo. Mimi pia ningependa. Sijui lini.

Matunda yako salama. Mavuno yalikuwa makubwa ajabu.

Idwal

*

Rhyd-y-gwynt, 29 Septemba 1996

Idwal mpendwa,

Msalimie Graciela sana, mwambie afunge kifua na asikusikilize wewe. Sisi tunaishi, na tunaishi kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Kampeni imeanza!

Kwanza nikujibu. Jikoni mwa Mama hamupikwi. Tangu afe, Baba hajaruhusu mtu awashe lile jiko. Anakula mkate na jibini siku sita na kusubiri ya saba. Na Jumapili saa sita mchana, tukifungua, ndiyo saa watu wote watakapotoka makanisani na kwenye mahema yao wakiwa na kiu. Deiniol peke yake na ule mgongo? Haiwezekani. Kumwambia Baba ukweli ndiyo kabisa haiwezekani. Atajua namtegemea, atavunja kiapo chake kwa ajili yangu, halafu atajichukia. Sitaki aje namna hiyo.

Haya, sikiliza kampeni. Baba ndiye jemadari. Ana koti la mvua, ana fimbo, ana mkoba wa vikaratasi, na anakwenda mlango hadi mlango kutoka hapa mpaka Aberdaron. Jana alifika kwenye baa. Usicheke. Aligonga dirisha kwa fimbo, nikafungua, akaanza kuwagawia wateja vikaratasi vya kupinga bia ya Jumapili kupitia dirishani, mmoja mmoja, kwa majina, na wao wameshika bia za Jumamosi mkononi. Wakapokea kwa adabu. Pero alikuwa ndani anamtazama bwana wake kupitia kioo kama mfungwa asiyetaka kutoka.

Basi Ned wa Bryn Gwyn, yule mwenye ng'ombe wekundu, akapaza sauti kutoka kwenye meza yake ya siku zote.

"Griffith Parri, kura yangu ni yako. Ila uingie humu ndani, uniombe nikiwa nimekaa."

Watu wote wakageukia dirishani. Baba akatazama kile kizingiti. Aliangalia muda mrefu, Idwal, nikaona viatu vyake vinasogea kidogo kwenye kokoto, na mimi nilikuwa nimeshika glasi nikaibana mpaka nikadhani itapasuka. Halafu akasema, "Nitakuombea nikiwa huku nje," na akaenda zake. Watu wakapiga makofi meza zikatikisika, na Ned mwenyewe akasema mzee huyu amenishinda, kura ni yake bure.

Kila mtu ananiuliza mimi nitapiga upande gani, halafu wanakonyeza, maana wanadhani wanajua. Mwenye baa atakataaje biashara? Ninawaacha wadhani. Wewe tu ndiye unayejua kwamba Meinir wa baa, binti pekee wa kijiji hiki anayeuza pombe, atapanga foleni kuipigia kura Jumapili isiyo na pombe. Deiniol anajua pia, lakini yule ni kama kumwambia ukuta. Mambo yote mawili yananichekesha na kunitisha. Nimekuwa kama msichana anayengoja majibu ya mtihani.

Na tunaweza kushinda! Watu wa Llŷn wako upande wetu, Porthmadog ndiyo wasiwasi, kama siku zote.

Miaka kumi na moja hujafika nyumbani. Silisemi tena.

Meinir

*

Mendoza, 5 Novemba 1996

Dada Meinir,

Haraka haraka, maana nataka hii ikufikie mapema. Ninyi ni wazima, sisi ni wazima, tusipoteze karatasi. Najua mtashinda. Nimeota nimeona Baba amebebwa mabegani Pwllheli mjini, na Pero nyuma anabebwa pia. Graciela amewasha mshumaa kwa mtakatifu fulani; nimemwambia Baba asijue kabisa kwamba Jumapili ya Wamethodisti imeombewa na mtakatifu.

Pokeeni pongezi zangu mapema. Mkila pudini Jumapili inayofuata, gamba lote mpeni Baba.

Idwal

*

Rhyd-y-gwynt, 18 Novemba 1996

Idwal,

Tumeshindwa.

Si kwa kidogo. Wengi hawakutoka hata nyumbani kupiga kura, na waliotoka walitaka baa zifunguliwe. Redio ilitangaza kwamba sasa Wales nzima inafungua, na wakamhoji kijana mmoja aliyesema ni maendeleo. Barua yako ya pongezi imefika leo. Nimeicheka mpaka Deiniol akaja kuangalia kama ninalia, na kweli nilikuwa nalia.

Baba alisikiliza redio kwake, peke yake. Nilipokwenda alikuwa anakata mkate. Alisema tu kwamba watu wameulizwa na watu wamejibu, na kuulizwa ndiko alikokupigania siku zote. Hakusema lolote kuhusu kula kwangu. Tulizungumza habari za mguu wa Pero.

Jumapili ijayo tunafungua.

Meinir

*

Rhyd-y-gwynt, 11 Desemba 1996

Idwal, Idwal, Idwal,

Kalamu inaruka mkononi. Salamu zote, tu wazima wote, wazima kupita kiasi, msalimie Graciela na mtakatifu wake, mwambie amwashie mshumaa mwingine mkubwa. Nitakueleza yote kwa utaratibu, nijaribu.

Jumapili ya kwanza nilipika kama kawaida. Nikaandaa meza ya nyuma, jikoni, sahani nne: yangu, ya Deiniol, ya Baba, na ile ya akiba ninayomwekea mgeni. Mbele baa ilikuwa imejaa. Watu walikuja kunywa bia ya Jumapili ili waseme waliinywa, hata wasioipenda. Saa sita na robo kanisa likatoka. Nikamwona Baba dirishani, anapanda barabara na kofia yake ya kanisani na mwavuli, mvua nyembamba inanyesha. Akafika getini. Akasikia kelele za ndani. Akasimama.

Kila mtu aliye ndani akamwona. Ned wa Bryn Gwyn akaweka glasi chini. Baba akakaa pale getini na mwavuli wake, halafu akageuka akarudi alikotoka. Nilimpelekea sahani imefunikwa kwa nyingine. Akaipokea mlangoni, akashukuru, akaniuliza kama mchuzi uko chini au juu. Nilirudi nikamwaga pudini nzima kwa Pero, na gamba lake. Sikuwa mtu wa kusemeshwa wiki ile.

Jumapili ya pili na ya tatu hakuja hata getini.

Sasa jana. Jana ilikuwa Jumanne, mchana, wateja wanne tu, mvua kubwa. Nafuta glasi, mgongo kwa mlango. Nikasikia mlango umefunguka, na Pero akainuka pale mbele ya moto akaanza kutingisha mkia kwa nguvu anagonga kiti. Nikageuka. Baba alikuwa amesimama ndani. Ndani, Idwal! Juu ya mkeka, maji yanamtiririka, kofia ya kanisani kichwani.

Nikasema kitu cha kijinga kabisa. Nikasema, "Baba, leo ni Jumanne."

"Najua," akasema. "Nina kalenda."

Akavua kofia, akaikung'uta, akawaamkia wateja mmoja mmoja kwa majina kama siku ile ya vikaratasi. Halafu akaja mpaka kaunta. Sijawahi kumwona Baba akiwa upande ule wa kaunta, alionekana mfupi. Akaweka mikono yake juu ya mbao akanieleza, polepole, kama anavyoeleza hoja kikaoni. Alisema miaka yote hii aliamini siku sita hapa ni baa na siku moja ni nyumbani kwa binti yake, na sheria ya wilaya ndiyo iliyomtenganishia. Sasa wilaya haipo na siku zote saba zimefanana. Kwa hiyo amebakiwa na mambo mawili tu: ama asije tena kabisa, ama aje siku yoyote.

"Kutokuja nimejaribu Jumapili tatu," akasema. "Sikuweza, mwanangu."

Nilitoka nyuma ya kaunta nikamkumbatia na koti lake lililolowa, na aproni yangu ikalowa, na Deiniol, ukuta wangu, akaenda stoo na hakurudi mpaka alipopenga kamasi. Baba akauliza kama kuna chakula. Kulikuwa na supu ya mwanakondoo ya jana yake. Akakaa meza ya Ned, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na moto, na kabla ya kushika kijiko akafumba macho akaanza sala ya chakula. Unazijua sala za Baba. Alimtaja Mungu, wafalme, wakulima, waliokuwa madiwani wa Dwyfor walio hai na waliokufa, na wote walio mbali na nyumbani. Wateja wanne wamesimama kichwa chini na bia mkononi, povu lote limekwisha, hakuna aliyethubutu kumeza.

Ni hapo kwenye "walio mbali na nyumbani" aliponifikia. Baada ya Amina akafumbua macho akaniambia nikuandikie. Alisema hivi, nimeandika upesi nisisahau: "Mwulize Idwal ananiogopa mpaka lini. Picha ya harusi yake iko juu ya meko yangu, na nyuma ya bibi harusi kuna mapipa safu mbili. Alidhani nitafikiri ni mapipa ya matufaha?"

Amejua miaka yote, Idwal. Alikuwa ananitazama mimi kanisani kwa sababu alikuwa anazuia kicheko. Akasema zabibu ni tunda, hata zikiishia kuwa divai, kwa hiyo hajawahi kumdanganya mtu yeyote kanisani kuhusu mwanawe, na wewe uje nyumbani uache ujinga.

Leo amekuja tena. Ned anasema bei ya bia itabidi ishuke, maana kila chakula cha mchana sasa kina ibada. Alipokuwa katikati ya supu, mlango ukafunguka, msafiri mmoja amelowa chapachapa, haelewi anachokiona: mzee na kitambaa shingoni, Biblia mezani, watu wameshika bia na vichwa vimeinama. Akauliza kwa woga kama hapa ni baa.

Baba hakungoja nijibu. "Hapa ni nyumbani kwa binti yangu," akasema. "Ingia. Lakini kwanza vua kofia."

Dada yako,
Meinir

*

Mendoza, 3 Januari 1997

Dada,

Tu wazima, na Graciela amewasha mishumaa mpaka nyumba inanuka kanisa.

Barua yako nimeisoma nimesimama kati ya mapipa, yale yale ya kwenye picha. Ilibidi nikae juu ya moja.

Nimekata tiketi mbili. Chupa sita za matunda yangu nimezifunga ndani ya soksi za sufu, moja moja. Mwambie Baba si lazima anywe, azishike tu, aone jua la huku linafanya nini. Tutafika kwako Jumatano. Zamani ningengoja mpaka Jumapili ndipo nimkute mezani.

Weka sahani tano.

Idwal